Baba, usiruke ukurasa

Nilipohamia Sweden nilianza kumsomea mwanangu vitabu ili mimi mwenyewe nijifunze lugha. Malezi hayakuwemo akilini. Kisha tukafika kwa Alfons Åberg, mtoto aliyebuniwa na Gunilla Bergström mwaka 1972. Alfons hataki kulala: mara maji, mara dubu wake wa kuchezea atafutwe. Mwishowe baba mtu anapitiwa na usingizi sakafuni, na mtoto ndiye anayekwenda kumfunika blanketi. Mwanangu akacheka. Mimi nikafunua ukurasa upesi. Kwetu Tanga baba hafunikwi na mtoto.

Usifanye kama mimi. Ukurasa unaokutia haya ndio wa kusoma polepole.

Kwa Emil, mtoto mtundu wa vitabu vingine, nilikosea zaidi. Astrid Lindgren alimwandika mwaka 1963 na kumweka kijiji cha Lönneberga, huko jimbo la Småland alikokulia mwandishi mwenyewe. Emil anampandisha mdogo wake Ida juu ya mlingoti wa bendera, baba anafoka, na mtoto anaishia kwenye kibanda cha useremala, ambako hukaa akichonga vijizee vya mbao. Mimi niliiona bakora kabla sijakiona kibanda. (Sweden ilipiga marufuku kuchapa watoto mwaka 1979, nchi ya kwanza duniani; nami nikisoma nilikuwa bado nabishana na sheria hiyo moyoni.) Mwanangu ndiye aliyenionyesha kwamba mlango ule una makomeo mawili. La nje ni la baba. La ndani ni la Emil, hadi hasira za baba zipoe.

Halafu kuna Alfred, kibarua wa shambani, rafiki mkubwa wa Emil. Kidole kimeoza, sumu imeingia kwenye damu, theluji imefunga njia, na watu wazima wanasema haiwezekani. Emil anafunga farasi na kumpeleka kwa daktari aliyeko Mariannelund, akilia kwa hofu njiani. Nilipofika hapo nikisoma sauti ilinikatika, na safari hii sikujifanya nakohoa.

Mkipata nafasi kiangazi, nendeni Gibberyd, zilikopigwa filamu za Emil, kibanda kipo. Usimuulize mtoto amejifunza nini. Mwache aingie.

Tuliporudi mwanangu aliomba komeo la ndani kwenye mlango wa chumba chake. Nilikataa wiki nzima, kisha nikanunua kindoano kidogo na kukipigilia. Jumamosi tuligombana, akajifungia. Nikasimama nje ya mlango, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nikabisha hodi.