Hata Kopo Mmelinyoa?

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: je, chakula duni na malazi ya taabu katika vyuo vya polisi humkomaza kurutu, au humharibu? Mimi nawajibu nikiwa jikoni. Nilipika katika chuo kimoja cha polisi hapa Nairobi kwa miaka 17, hadi 2013. Sitakitaja, kwa sababu baadhi ya wakubwa wa wakati ule bado wapo, na pensheni yangu, ingawa ni ndogo, bado inaingia.

Najua jibu litakalowajia kwa wingi. Polisi hafugwi kama kuku wa gredi. Akizoea kulala vizuri na kula vizuri, siku ya kutumwa bondeni kukimbizana na wezi wa mifugo atalia mama. Jibu hilo lina ukweli wake, na waliolitoa wengi wao wamevaa buti wakajua linavyobana. Lakini kuna mambo ambayo mtu aliyesimama upande ule wa foleni na sahani hawezi kuyaona.

Siku yetu ilianza saa tisa usiku. Chai ilitakiwa iwe tayari kabla ya saa kumi na moja, na githeri ya mchana, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ilikuwa lazima iwe motoni mapema, maana mahindi makavu hayana haraka na mtu. Sufuria zetu ungeweza kumwogeshea ndama, na mwiko wake ulikuwa mrefu kama kasia, unaukoroga kwa mikono miwili huku umesimama juu ya tofali. Maharagwe tulikuwa tumeyachambua jioni na kuyaroweka. Kufikia saa saba mchana, makurutu walipokuja wakikimbia kwa mstari na kuimba, mimi mgongo ulikuwa umeshakufa ganzi.

Niitetee githeri kwanza, maana imetukanwa sana. Mwaka wa 2017 bwana mmoja alipigwa picha kwenye foleni ya kura akila githeri kwenye karatasi ya nailoni, nchi nzima ikacheka, na kabla ya mwaka kuisha akapewa nishani ya Rais. Sisi wapishi hatukuona cha kuchekesha. Mahindi peke yake yana upungufu wa kitu kinachoitwa laisini, na maharagwe yanayo tele, kwa hiyo ukiyachanganya unapata protini inayomtosha kijana anayekimbia kilomita kumi kabla ya jua kuwaka. Hiyo ni akili ya nyanya zetu. Ongeza viazi, kabichi na kitunguu kidogo, hapo huna haja ya kumwomba mtu radhi.

Ubaya ni githeri isiyoiva, na siku ambazo haikuiva nyingi zilitokana na kuni. Mwenye tenda akileta kuni mbichi, moto unatoa moshi tu, sufuria inapumua bila kuchemka. Maharagwe mekundu yana sumu yake ya asili ambayo hufa yakitokota kwelikweli. Ukiyaacha kwenye moto wa kubembeleza haifi, hata yakikaa saa nyingi. Mtu akila manne matano yasiyoiva, tumbo linamkoroga mpaka atapike. Nimeona kikosi kizima kikikimbilia vyooni alasiri, na wakufunzi wakisema vijana wa siku hizi ni laini. Makurutu wenyewe walisema tumetia mafuta ya taa, ile hadithi inayozungushwa katika kila shule ya bweni nchini, eti ya kuwapoza vijana. Miaka 17 sikuwahi kuona mafuta ya taa yakikaribia sufuria. Tulikuwa na kuni mbichi tu, na saa ya gwaride isiyomngoja mpishi. Wenzangu wengine walitia magadi ili kuharakisha. Kweli magadi hulainisha, lakini yanaua vitamini, na supu inabaki na ladha ya sabuni.

Sasa kopo.

Githeri tulipimia kwa kopo la mafuta ya kupikia, lililopigwa ribiti na kutiwa mpini wa mti. Kila kurutu kopo moja, limejaa. Lilikuwa limesuguliwa kwa miaka hadi maandishi yamekwisha, linang'aa kama sarafu. Jumatatu moja mtu wa stoo akaja na jingine. Alisema lile la zamani limeingia kutu. Nililitazama la zamani, nikalitazama lile jipya. Jipya lilikuwa limekatwa na fundi wa bati, mdomo ukakunjwa ndani vizuri usimkate mtu, na lilikuwa fupi kwa upana wa kama vidole viwili.

Siku ya kwanza hakuna aliyesema kitu. Siku ya pili kijana mmoja mrefu, mwembamba, kichwa bado cheupe kwa wembe wa siku ya kuripoti, akaangalia sahani yake, akaangalia mkono wangu, akasema taratibu: "Mathe, hata kopo mmelinyoa?" Waliokuwa nyuma yake wakaangua kicheko. Afande aliyekuwa mlangoni akasikia, na yule kijana akaruka kichura kuzunguka bwalo huku githeri yake ikipoa mezani.

Hesabu yake ni rahisi, nilikuwa naifanya nikikoroga. Makurutu 600, robo kilo ya mahindi makavu kwa kila mmoja, ni kilo 150 kwa mlo mmoja. Punguza moja ya tano kwa kukata kopo, kila siku unabakiwa na kilo 30. Siku tatu umepata gunia la kilo 90. Maharagwe bado sijayapigia hesabu. Magunia hayo hayakurudi stoo. Niliyaona kwa macho yangu yakipandishwa pikapu jioni, na turubai likafungwa juu.

Kwa hiyo mtu akiniambia ugumu ndio mafunzo, namuuliza ni ugumu upi. Kupanda kilima na bunduki begani, kulala porini kwenye mvua, kuamshwa saa nane usiku na kipenga, hayo yameandikwa kwenye ratiba na yana mwalimu wake. Kopo la kukatwa haliko kwenye ratiba yoyote.

Tena halikuwauma wote sawa. Foleni ina mwanzo na mwisho. Waliofika kwanza walipata punje, waliofika mwisho walipata supu na maganda ya mahindi yaliyoelea. Na wa mwisho walikuwa ni akina nani? Anayechechemea kwa sababu buti limemchubua kisigino. Aliyekuwa kwenye adhabu. Wasichana, mara nyingi, kwa sababu bweni lao lilikuwa mbali. Vijana wana akili, wakajua haraka. Ilianza na mmoja: chini ya sahani, kati ya vidole, noti ya shilingi 50 imekunjwa ndogo kama tikiti ya basi la zamani. Hakusema neno. Aliinyoosha sahani tu, noti ikaingia kiganjani mwangu, na mimi nikazamisha kopo hadi chini ya sufuria kuliko na maharagwe.

Nilizikataa noti hizo mara nyingi. Si zote. Shilingi 50 wakati huo ilikuwa nauli yangu ya kwenda na kurudi Kayole, na bado ningebaki na hela ya mboga ya sukuma wiki. Katiba ya 2010, kifungu cha 244, inataka polisi wazuie ufisadi na wafunzwe kwa kiwango cha juu kabisa cha uadilifu. Somo hilo walifundishwa darasani asubuhi, na mchana wakaja kwangu. Leo nikiwa ndani ya matatu, makanga akishuka kumsalimia askari na kiganja kilichofumbwa, abiria wenzangu hulaani serikali. Mimi huangalia dirishani.

Mmeuliza pia juu ya malazi. Mpishi haingii bweni, lakini mimi nililijua kwa sufuria ya uji wa wagonjwa. Kila asubuhi mtu wa zahanati alileta idadi, nami nikapika uji laini wa wimbi kwa waliolala huko. Siku za kawaida sufuria ya lita 10 ilitosha na kubaki. Maji ya Nairobi mengi yanatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na mvua ikichelewa huko, mgao unaanza huku. Bauza, lile lori la maji, likija, maji yalianza jikoni, yakaenda nyumba za wakubwa, na vyoo vya makurutu vikawa vya mwisho. Siku ya tatu bila maji nilitoa sufuria ya lita 40. Hakuna aliyeniuliza kwa nini, na sikuwa na haja ya ripoti ya daktari.

Mengine niliyasikia kwao wakiosha vyombo. Vitanda vya deka vilivyosukumwa mpaka vinagusana, madirisha yanayofungwa usiku kwa baridi ili mmoja akikohoa wakohoe wote, kunguni ambao hata magodoro yakianikwa juani mchana mzima hurudi kabla ya taa kuzimwa. Msichana mmoja aliniambia analala sakafuni, na kitanda anacho. Alikuwa amekitandika kikanyooka kama meza, na akikilalia hatakuwa na muda wa kukinyoosha tena kabla ya ukaguzi. Hilo simlaumu mtu, hata jeshini wanafanya hivyo. Nililiandika tu kwa sababu alinichekesha alivyosema: "Kitanda ni cha afande, sakafu ndiyo yangu."

Juu ya nyumba wanazopewa baada ya kuhitimu sitasema mengi. Kamati ya Ransley ya 2009 ya kurekebisha polisi ilisema, ya Jaji Maraga, iliyoundwa mwishoni mwa 2022, ikasema tena, na kila mtu ameviona vile vibanda vya bati vya mviringo kwenye laini za polisi. Mwaka wa 2018 Rais Uhuru Kenyatta aliamua askari wapewe marupurupu ya nyumba wapange mitaani na raia. Mimi nina jirani askari kwa ajili hiyo, na ni jirani mzuri. Ila kamati hizi zikitajwa habarini, husikia mishahara, vyeo na nyumba, sijasikia mtu akizungumzia bwalo. Aprili 2015, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, Rais alipoagiza makurutu 10,000 waliokuwa wamezuiwa na kesi ya uajiri waripoti chuo cha polisi cha Kiganjo mara moja, mimi nilikuwa nimeshastaafu, nimekaa nyumbani na redio. Watu wote walikuwa wakizungumzia sheria. Mimi nilijiuliza ni nani kule anaroweka maharagwe.

Nisiwapake wakufunzi wote matope. Kulikuwa na sajini mmoja ambaye makurutu walimwogopa kuliko chui. Aliwatambaza kwenye changarawe mpaka viwiko vikatoka damu, na sikuwahi kumwona akitabasamu. Lakini wiki yake ya zamu alikula mwisho, baada ya kurutu wa mwisho, kwa kopo lile lile, amesimama. Na wiki hiyo chakula hakikuisha kamwe. Sijui jinsi punje zilivyojua.

Alipolikuta kopo jipya hakusema kitu. Aliliomba, akaomba na la zamani, ambalo nilikuwa nimelificha nyuma ya gunia la chumvi. Akalijaza jipya maji hadi ukingoni, akayamimina ndani ya la zamani mbele ya foleni nzima, akaliinua wote waone maji yalipokomea. Bwalo lilinyamaza mpaka ukasikia moto ukipasua kuni. Kisha akanirudishia la zamani, akasema, "Endelea, mama." Tulilitumia kwa miezi miwili. Halafu akapata uhamisho wa kaskazini. Sisemi ni kwa ajili ya kopo.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lenu: ugumu unaomkomaza kurutu ni ule ambao hata mkubwa wake anaushiriki. Kama mnataka kujua upi ni upi, msisubiri ripoti. Mwambieni waziri, au kamanda, au mbunge wa kamati ya usalama, aende chuoni siku ya Jumatano asiyoitangaza, achukue sahani, asimame mwisho kabisa wa foleni na kula atakachopewa. Akiwa na kipimo cha jikoni mfukoni itakuwa bora zaidi. Ila asiende siku ya makurutu kuhitimu. Siku hiyo wazazi wamejaa, televisheni ziko uwanjani, na hata sisi tulikuwa tukipika pilau, tena yenye nyama.

Mpishi mstaafu, Kayole, Nairobi