Mume wangu analala sebuleni na viatu miguuni

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Korogwe, nauza chai na maandazi stendi. Mume wangu alikuwa kondakta wa mabasi ya mikoani. Miaka mitatu iliyopita basi lao lilipinduka usiku. Watu walikufa, akiwemo dereva wake, rafiki yake tangu ujana. Yeye alitoka na mchubuko wa mkono tu. Kila mtu akasema Mungu mkubwa, tukachinja mbuzi. Mkasa wenyewe hajanisimulia mpaka leo. Ninachojua nilikisikia kwa mdogo wa yule dereva marehemu, kwamba usiku ule mume wangu alipita peku juu ya vioo akiwatoa abiria dirishani mpaka msaada ulipofika.

Tangu hapo si yule aliyenioa. Kazi ameacha, sasa anafyatua tofali. Basi hapandi, hata msiba wa mjomba wake Handeni hakwenda. Analala kwenye kochi sebuleni, taa inawaka, viatu miguuni. Nikimsogelea kwa nyuma anaruka. Ramadhani iliyopita nilikwenda kumwamsha kula daku, akanikaba shingo. Alipozinduka alikaa chini akawa anatetemeka. Hajawahi kunipiga akiwa macho, lakini maneno yake yamekuwa makali, na tangu Ramadhani hiyo hatujakutana kimwili. Siku moja nilimsikia usingizini akisema, "Ningemwambia alale kidogo."

Mama mkwe anasema ni jini, tumeshazunguka kwa waganga wawili. Jirani anasema ana mwanamke nje. Mwenyewe hununua vidonge vya usingizi duka la dawa. Kaka zangu wanataka kuitisha kikao ili nirudi kwetu. Nimechoka, Shangazi. Nifanyeje?

Mama wa wawili, Korogwe

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua kalamu nikapigia mstari sehemu mbili. Umeandika kwamba usiku wa ajali mumeo alipita peku juu ya vioo. Mistari michache mbele umeandika kwamba analala na viatu miguuni. Hukuziunganisha. Sikulaumu, maana habari hizi ulizipata vipande vipande, tena kwa midomo ya watu wengine.

Sijamwona mumeo, na ugonjwa haupimwi kwa barua. Ila nimekuwa muuguzi wa afya ya akili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na unayoyaeleza nimeyaona kwa watu wengi: kushtuka akiguswa, kukwepa basi, kulala kama mlinzi wa zamu, ukali, na lile neno la usingizini. Hospitali wanakiita kiwewe. Tukio la kawaida mtu analikumbuka akijua lilianza lini na liliisha lini. La kiwewe halina mwisho. Inatosha harufu ya dizeli, au honi, au mkono begani, na mwili unarudi palepale penye vioo. Kwa lugha ya kazi yake, basi lile bado halijafika stendi. Mumeo anavaa viatu kwa sababu mwili wake unasubiri kuitwa tena.

Kuhusu mwanamke wa nje, siwezi kumwapia mtu nisiyemjua. Lakini katika yote uliyoniandikia sikuona hata moja linaloelekea huko. Tazama ulivyoniambia mwenyewe: mlikoma kukutana tangu Ramadhani, yaani tangu usiku ule aliokukaba. Unyumba unataka mtu aache ulinzi, na huyu hathubutu. Tena nadhani anaogopa mikono yake mwenyewe. Aliyekaa chini akatetemeka baada ya kukukaba hakuwa anakuchukia.

Nikupe jambo la kufanya usiku huu huu. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilihudumu katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Alfajiri moja nilimgusa bega mgonjwa aliyelala ili nimpe dawa, akanipiga kiwiko cha mdomo, jino likang'oka. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile namwamsha mtu wa namna hii nikiwa nimesimama upande wa miguu, mbali na mikono yake, taa ikiwaka, nikimwita jina lake kwa sauti ya kawaida na kumwambia mahali alipo: "Baba fulani, uko nyumbani, ni mimi, ni saa kumi." Unarudia mpaka akujibu. Wafundishe na watoto. Mchana usimjie kwa nyuma, jisemeshe ukiwa bado mlangoni.

Umeandika hajawahi kukupiga akiwa macho. Neno hilo nalishika. Siku akikuinulia mkono akiwa macho, ajali haitakuwa udhuru. Chukua watoto, nenda kwa kaka zako, kisha kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Kiwewe kinaeleza ukali wake, lakini hakikulazimishi wewe uupokee.

Sasa vile vidonge. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watu waliopatwa na mikasa, na likashauri wasipewe dawa za usingizi za jamii ya diazepamu kupunguza dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza baada ya mkasa. Zinalaza, ila hazitibu, na mwili unazizoea. Sijui mumeo anameza zipi, kwa hiyo aende na pakiti yenyewe kwa daktari. Kama amezimeza kwa miezi, asiziache ghafla, maana kuna hatari. Daktari atampunguzia kidogo kidogo.

Mama mkwe usigombane naye. Dua haijawahi kumzuia mtu kwenda hospitali, na kama shekhe akimsomea moyo unatulia, asomewe. Ninachokataa ni kufungwa kamba, kufukizwa moshi mpaka mtu akose pumzi, na kuuza mbuzi wa mwisho kwa mganga anayekwambia ni nani aliyekuloga.

Tiba ipo, mwanangu, na si ya kusahau. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi wanadhani ushauri nasaha ni kuambiwa "jikaze, mshukuru Mungu". Kuna njia moja niipendayo sana, iliyotungwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Unatandaza kamba sakafuni. Ncha hii ni siku uliyozaliwa. Unaifuata kamba, na kila penye jema kubwa unaweka ua, kila penye baya unaweka jiwe. Kipande kinachobaki kinaachwa kimekunjwa, hayo ni maisha ambayo hayajaja. Kisha, kikao baada ya kikao, mnarudi kwenye kila jiwe na kulisimulia polepole kwa mpangilio wake: ulikuwa umesimama wapi, ulisikia nini, ulinusa nini, mwili ulifanya nini, ukawaza nini, kikafuata nini. Mtibabu anaandika. Kikao kinachofuata anakusomea, unasahihisha. Mwisho unakabidhiwa kisa chako chote kwenye karatasi. Lile jiwe halitoki kwenye kamba, ila sasa lina mahali pake, na kamba inaendelea mbele yake.

Nilikuwa na mvuvi mmoja aliyeweka jiwe kubwa kuliko yote, kisha akasimama, akatoka nje, akarudi na ua lililonyauka. Akaliweka kando ya jiwe lile. Mwanawe alizaliwa wiki ileile aliyozamiwa na mtumbwi, na kwa miaka sita hakuwa ameyaweka mawili hayo pamoja.

Wala usidhani ni tiba ya matajiri. Ilijaribiwa kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia katika makazi ya Nakivale, Uganda, na waliowatibu hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo kwa wiki chache, na vikao vilikuwa sita tu. Baada ya miezi tisa, karibu 7 kati ya 10 ya waliotibiwa hivyo hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa kiwewe. Waliopata mazungumzo ya ushauri ya namna nyingine walikaribia idadi hiyohiyo. Waliofuatiliwa tu bila tiba hawakufika 4 kati ya 10.

Lakini usiifanye nyumbani. Jiwe linafunguliwa na mtu anayejua kulifunga. Ukimbana usiku akueleze ajali yote, unaweza kumwacha huko ndani na wewe huna njia ya kumtoa.

Lile neno, "ningemwambia alale kidogo", lina tiba yake pia. Mumeo amejihukumu kwamba dereva alikufa kwa uzembe wake. Ipo njia ya kuzitoa hukumu za namna hii na kuzipima moja moja: usiku ule ulijua nini, na nini umekijua baadaye? Nani alikuwa na mamlaka ya kusimamisha gari? Iliwahi kutumika mashariki mwa Kongo kwa wanawake waliobakwa, wengi wao wasiojua kusoma wala kuandika, wakayashika mafunzo kwa kichwa, na ilifanikiwa sana. Kuna na ile ya kufuata kwa macho kidole cha mtibabu huku ukikumbuka tukio, iliyoanzishwa na Francine Shapiro wa Marekani mwaka 1987. Inaonekana kama mazingaombwe, lakini ni miongoni mwa zilizopendekezwa katika mwongozo ule wa 2013. Akimpata mtibabu aliyefunzwa mojawapo ya hizi, aanze na hiyo.

Na nyinyi wawili? Sue Johnson, mwanasaikolojia wa Kanada aliyewatibu wanandoa tangu miaka ya themanini, alionyesha jinsi watu wanavyofukuzana: mmoja anafuata akilalamika, mwingine anajifungia, na kadiri huyu anavyojifungia ndivyo yule anavyopaza sauti. Chini ya kelele hizo kila mmoja anauliza kama mwenzake bado yupo. Wewe unauliza, "Una nani huko?" Yeye anasikia, "Umeharibika." Jaribu kumwambia kitu cha kweli zaidi: "Nalala peke yangu na nakukumbuka." Sentensi hiyo ni ngumu kuliko kugomba, najua. Tiba ya wawili itakuja. Kwanza alale.

Kuhusu kikao, waombe kaka zako wasubiri. Kikao cha ukoo kinaijua kazi yake, ambayo ni kutafuta nani amekosa na alipe nini. Humu hakuna mkosaji wa kulipishwa, na ukimkalisha mumeo mbele ya wanaume saba wakimhoji, atanyamaza zaidi. Ila kwenda kwenu wiki mbili upate usingizi ni haki yako. Muage vizuri, mwambie unarudi lini, kisha urudi siku hiyo. Miaka mitatu umekuwa mlinzi wa mlinzi, nawe umechoka kweli.

Kwa matibabu, muende hospitali ya rufaa ya mkoa muulizie kitengo cha afya ya akili. Tanga ni mbali kwa mtu asiyepanda basi, kwa hiyo anzeni hospitali ya wilaya hapo hapo Korogwe. Mwone daktari au afisa ustawi wa jamii, awaandikie rufaa. Usimwambie mumeo "twende ukatibiwe wazimu". Mwambie, "Twende tukaulize kuhusu usingizi wako na vidonge hivi." Neno usingizi mwanamume analikubali.

Na viatu, mwache navyo. Usiku wa leo chukua jozi yake moja, uiweke chumbani upande wake wa kitanda, visigino ukutani, ncha zikitazama mlango. Weka tochi juu yake. Mwambie mara moja tu: "Viatu vyako viko hapa, na mlango sijaufunga kwa kufuli." Asipokuja, mpelekee shuka huko huko kwenye kochi, umfunike kuanzia miguuni. Kisha niandikie.