Mnara wa Masaa?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi ni mtengeneza programu hapa Kondele, Kisumu. Naandika maelezo ya Kiswahili kuhusu kupima kasi ya programu kwenye Linux, mfumo endeshi wa kompyuta. Je, ni sawa kusema "kiini cha mfumo (kernel) kinafichua masaa yake ya ndani"? Wenzangu wanacheka hilo neno "kinafichua".

JIBU: Sijambo. Wenzako wamecheka neno lenye kosa dogo wakaliruka lenye kosa kubwa. Fichua ni kinyume cha ficha, kama fungua kwa funga, na kinachofichuliwa kwetu ni wizi, njama, au magendo ya mpakani Busia. Saa ya kompyuta haijaiba kitu. Sema "kinaweka wazi". Watu wa Dunga, wanaoanika omena, wangesema "kinaanika", nami nisingebishana nao.

Sasa hayo masaa.

Saa tuliipokea kutoka Kiarabu ikaingia ngeli ya I-ZI ikatulia: saa hii, saa hizi, saa yangu, saa zangu. Nenda pale mjini utazame mnara uliozinduliwa mwaka 1938 kwa kumbukumbu ya Kassim Lakha. Sijawahi kusikia mtu akisema "tukutane kwenye mnara wa masaa". Kila mtu, mzee kwa mtoto, husema mnara wa saa. Kisha mtu huyohuyo hushuka stendi, makanga akamwitia "Nakuru masaa tatu!", naye akapanda bila hata kukunja uso. Ikiwa saa imehamia LI-YA, basi ipewe haki zake zote: masaa matatu, na ikiwa moja, "saa langu limesimama". Nani anasema hivyo? Tumeivika ma- kichwani, miguuni ikabaki peku. Na ikiwa hiyo ma- ni ya ukubwa, kama tusemavyo manyumba, basi saa ya mnara ndiyo ingeistahili, na hata yenyewe haikupewa.

Watetezi wa masaa wana hoja moja, tena si ya kijinga. "Saa tatu" ni wakati, na pia ni muda. Abiria akiambiwa "saa tatu" hajui kama ndipo gari litakapoondoka au ndivyo litakavyokawia njiani. Wewe jambo hili unalijua kuliko mimi. Linux ina saa ya kawaida inayohesabu tangu tarehe 1 Januari 1970, na mtu akiirekebisha inaweza kurudi nyuma. Ina nyingine isiyorudi nyuma kamwe, ila haihesabu muda ambao mashine imelala. Ina ya tatu inayohesabu hata usingizi. Pima muda kwa ile ya kwanza, na siku moja utakuta kazi imekwisha kabla ya kuanza. Tena programu yako ikiandika matukio kwa saa moja na kiini kwa nyingine, utakesha ukizioanisha kumbukumbu hizo mbili na hazitapatana. Ndiyo maana tangu toleo la 4.1 la Linux, mwaka 2015, anayetumia perf, chombo chake cha kupimia kasi ya programu, anaweza kuichagua saa ya kuandikia matukio.

Lakini angalia walichofanya wahandisi wa Linux. Walipotaka kutenga wakati na muda, hawakuuvuruga wingi wa neno. Kila saa waliipa jina lake. Nasi majina tunayo tangu zamani: muda wa saa tatu, kwa saa tatu, mwendo wa saa tatu. "Nakuru, mwendo wa saa tatu!" (Ambazo huwa nne, lakini huo ni ugomvi mwingine.)

Makanga nimechoka kumsahihisha. Anapiga kelele juani kutwa nzima, abaki na masaa yake. Wewe umekaa kivulini na unaandika kitu kitakachosomwa. Andika: "Kiini cha mfumo kinaweka wazi saa zake za ndani." Zake, si yake.