Maswali ya Wasomaji: Breki na Shokapu za Gari la Rali

Shikamooni wakuu. Nina Subaru Impreza WRX ya 1999, kalipa (vibano vinavyobana disiki) za mbele zina pistoni nne na disiki ni za milimita 294. Tukifanya mazoezi kwenye njia za shamba la mkonge upande wa Pongwe hapa Tanga, breki hushika vizuri kilomita mbili tatu za mwanzo, halafu pedeli inalainika na kushuka karibu na sakafu. Gari likipoa, inarudi. Fundi ananiambia ninunue kalipa kubwa za Brembo, zile za Impreza STI. Ninunue? – Msomaji, Ngamiani

Marahaba. Pesa hiyo iweke kwanza. Pedeli inayolainika gari likiwa na moto, kisha ikarudi likipoa, maana yake oili ya breki imechemka. Imetoa mvuke, na mvuke unabonyea. Kama tatizo lingekuwa pedi kuzidiwa na joto, pedeli ingebaki ngumu chini ya mguu huku gari likigoma kusimama. Watu huzichanganya dalili hizi mbili, wakaishia kununua kalipa kwa ugonjwa wa oili.

DOT ni daraja la oili ya breki. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kama asilimia 3.7 kiwango chake cha chini kinashuka hadi 155. DOT 3 inatoka 205 na kuishia 140. DOT 5.1 inaanzia 260, na hata ikiwa na maji inahimili 180. Maji hayo hayamwagwi na mtu: oili inayavuta yenyewe kutoka hewani, kupitia kikombe chake cha akiba na hozi za mpira, na hewa ya pwani yetu inayo ya kutosha. Weka DOT 5.1 au DOT 4 ya mashindano, ubadilishe kabla ya kila shindano. Kopo lililofunguliwa wiki kadhaa zilizopita likabaki rafu ya gereji usilitumie, hata kama limejaa. Na angalia namba vizuri: DOT 5 bila “.1” ni ya silikoni, haichanganywi na hizi.

Nunua lita moja. Vuta oili ya zamani kwenye kikombe kwa sirinji, jaza mpya, kisha toa upepo gurudumu moja moja. Kitabu cha gari kikiwa na mpangilio wake, fuata hicho. Kama hakipo, kanuni ya kawaida ni kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu kuu inayosukumwa na pedeli), yaani nyuma kushoto kwa magari yetu ya usukani wa kulia. Msaidizi akanyage polepole, nusu ya safari ya pedeli tu. Kwenye masta silinda ya zamani, ukikanyaga hadi sakafuni raba zinapita sehemu yenye kutu ambayo hazijawahi kuifika, zinachanika. Wengi hubadilisha oili leo, kesho masta silinda inavuja, wakailaumu oili. Kila gurudumu endelea mpaka oili itoke safi bila mapovu, na kikombe kisikauke hata mara moja.

Mkitoa upepo mara tatu na pedeli bado inabonyea, tazama nipo za kalipa, yaani skrubu za kutolea upepo. Zinatakiwa ziwe juu. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia inaingia bila shida, ila nipo inabaki chini na upepo unakaa juu yake daima.

Baada ya oili, pedi. Za barabarani hazikutengenezwa kwa joto la rali. Chukua za mashindano za kiwango cha kati, kwa sababu zile kali kabisa hazishiki zikiwa baridi, na hatua ya rali huanza breki zikiwa baridi. Pedi mpya zizoezwe kwenye njia ya shamba uliyoruhusiwa: punguza mwendo mara nane hadi kumi kutoka kilomita 80 hadi 20 kwa saa, kila mara ukikanyaga kwa nguvu zaidi kidogo, bila kusimama kabisa. Halafu tembea bila breki dakika kumi zipoe. Ukisimama huku umekanyaga, pedi ya moto inabandika alama kwenye disiki, na baadaye utasikia usukani unatetemeka na kudhani disiki imepinda.

Sasa Brembo. Zile za STI zina disiki ya milimita 326 na zinahitaji rimu ya inchi 17. Kwenye changarawe unataka rimu ya 15, ili tairi iwe na ubavu mrefu wa kupokea mawe. Disiki zako za 294 zinaingia kwenye rimu za 16 na baadhi ya rimu za 15 za mashindano. Hakikisha kati ya kalipa na rimu kuna nafasi isiyopungua milimita 3, kwani kijiwe kikinasa hapo kinachonga rimu kwa ndani mzunguko mzima. Disiki zenye matundu ziache pia: tope linaziba matundu, na ufa huanzia hapo hapo. Ya kawaida au yenye mifereji inatosha. Unene wa mwisho umepigwa chapa kwenye disiki yenyewe. Ikifika hapo, itupe.

Habari za kazi. Nimefunga shokapu za kurekebisha zilizotoka Japani kwenye Impreza yangu, springi zimeandikwa 8 kg/mm. Kwenye lami ni raha, lakini kwenye vumbi gari linarukaruka na nyuma linakimbia. Nishushe zaidi ili litulie? – Msomaji, Chumbageni

Nzuri. Hapana, lipandishe, na hizo springi uzitoe. Hesabu yake ni hii. Kona ya mbele ya gari lako, ukiacha uzito wa gurudumu lenyewe, inabeba takriban kilo 360. Springi ya kilo 8 kwa milimita inabonyea milimita 45 tu kwa uzito huo. Gurudumu likikuta shimo la zaidi ya milimita 45, springi imeshalegea yote, hakuna kinachosukuma tairi chini, na tairi linaning'inia hewani. Springi ya kilo 4 inabonyea milimita 90, kwa hiyo gurudumu lina nafasi mara mbili ya kufuata ardhi. Ndiyo sababu magari ya changarawe yanaonekana laini na marefu, na ya lami yamelala chini.

Kwa njia za Tanga anza na springi za kilo 3.5 hadi 4.5, gari likiwa juu ya kimo cha kiwandani kwa milimita 20 hadi 30. Lakini shokapu za lami zina safari fupi, hivyo kubadilisha springi peke yake kutakupa nusu ya dawa. Kama fedha ni ya kitu kimoja, nunua shokapu za changarawe na uziuze hizo kwa mtu wa lami.

Kurekebisha: zungusha kitufe cha shokapu kufuata mwendo wa mishale ya saa hadi mwisho, kisha rudi ukihesabu milio ya “tik” hadi katikati. Badilisha miwili kwa wakati mmoja, pita njia ile ile, andika. Kwenye barabara ya mawimbi, gari likianza vizuri halafu likazidi kuwa gumu kadiri unavyoenda, shokapu inachelewa kurudi. Kila wimbi linaikuta bado imebonyea, gari linazama taratibu mpaka linakaa kwenye raba za mwisho. Legeza upande wa kurudi, usikaze.

Jambo moja ambalo gereji nyingi hulipuuza: bolti za mikono ya magurudumu yenye bushi za mpira zikazwe gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake. Zikikazwa gari liko kwenye jeki, bushi inajipinda gari likishuka, inaishi imepinda, na kuchanika mapema. Nati ya katikati juu ya shokapu usiiguse bila kikandamiza springi. Ile springi inaweza kuua mtu.

Alaimenti ifanywe mwisho. Mbele kemba, yaani mlalo wa gurudumu, iwe nyuzi 1 hadi 1.5, juu likiinamia ndani, magurudumu yakitazama sawa au yakifunguka nje milimita moja.

Springi za kiwandani zikikatwa mzunguko mmoja, si sawa na kununua za kushusha? – Msomaji, Muheza

La. Ncha iliyokatwa haina ubapa wa kukaa kwenye kikombe chake, na gari likiruka springi inaweza kutoka mahali pake. Wakaguzi wa mashindano wakiiona watakurudisha nyumbani, na watakuwa sahihi.

Wenzangu wanatoa fyuzi ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kufunga ukikanyaga breki. Ni ushamba au kuna maana? – Msomaji, Makorora

Kuna maana. Kwenye changarawe gurudumu lililofunga hukusanya kifusi mbele yake, na kifusi hicho husaidia kusimamisha gari. ABS inalifungua kila mara, umbali unaongezeka. Lakini kwenye magari mengi ya karibuni mfumo huo huo ndio unaogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Ukiuzima, nyuma inaweza kufunga kwanza na gari likageuka. Jaribu mwendo mdogo mahali pa wazi, na uirudishe fyuzi kabla ya kuingia barabara ya umma.

Nyuzi za skrubu kwenye shokapu zangu zimeganda, kola (pete ya kupandisha na kushusha springi) haizunguki. Nakaa Raskazone. – Msomaji

Chumvi ya bahari. Kola ni ya aluminiamu na bomba ni la chuma, vikikutana na chumvi vinashikana. Usipige nyundo. Loweka mafuta ya kulegeza usiku mzima, sugua nyuzi kwa brashi ya shaba, toa kwanza uzito wa springi, ndipo uzungushe kwa spana yake. Ikifunguka, paka grisi na uvalishe soksi ya raba au kitambaa. Baada ya kila mazoezi, maji baridi ya bomba kwa dakika tano chini ya gari, bila mashine ya presha karibu na sili.