Kupima thioli (molekuli zenye kundi la salfa na haidrojeni, SH) kwenye seli hai kwa EPR (mashine inayoona elektroni zisizo na mwenza): soma hii kabla hujaweka sampuli

Kwa mnaoanza, kwanza muelewe kwamba hapa unachokitafuta ni kasi ya spektra kubadilika, kilele kirefu chenyewe hakikuambii kitu. Probu yetu, yaani kemikali tunayoitia kwenye seli, ni redikali mbili (molekuli zenye elektroni isiyo na mwenza) zilizoungwa na bondi ya salfa kwa salfa, watafiti akina Khramtsov kule Novosibirsk, Urusi, waliichapisha tangu 1989, ikiingia kwenye seli glutathioni (thioli kuu ya seli) inaikata katikati, ile mistari ya ziada inayoletwa na spini mbili (zile elektroni) kuwa pamoja inapotea na mistari mitatu ya redikali moja moja inapanda. Ikipanda haraka ujue glutathioni ni nyingi.

Sasa ukichanganya tu saa imeshaanza, haikusubiri wewe ufunge kapilari (kijibomba cha sampuli) na utyuni mashine, yaani kuilinganisha na sampuli. Kwa hiyo tyuni mapema na sampuli ya seli hizohizo bila probu, kapilari ileile, ujazo uleule, halafu ndo uchanganye. Na kapilari iwe nyembamba, maji yanameza maikrowevu vibaya sana.

Anzeni na seli nyekundu za damu, hazina kiini wala mitokondria na glutathioni yake inacheza kwenye 2 mM hivi, probu weka 0.1 mM inatosha, ukimwaga nyingi utaimaliza hiyohiyo unayotaka kuipima. Kwenye bafa tia glukosi, bila hiyo seli zinashindwa kuirudisha glutathioni iliyooksidishwa.

Panapoharibu data za watu wengi ni pH. Inayoshambulia probu ni thioli iliyoachia protoni, nazo huongezeka pH ikipanda, kwa hiyo ukifanya kalibresheni kwenye 7.4 wakati ndani ya seli nyekundu ni kama 7.2, kasi inatofautiana karibu mara 1.6, halafu mtu anakuja kuandika eti wagonjwa wana glutathioni pungufu, aisee!

Vitamini C nayo inaua redikali kabisa. Integreti spektra mara mbili kila baada ya muda, eneo likishuka ujue unapoteza redikali zenyewe, usiiweke kwenye hesabu ya thioli. Na kontroli ya NEM (kemikali N-ethylmaleimide) usiiruke hata bosi akiwa na haraka: inaziba thioli zote, mabadiliko yoyote yatakayobaki yanatoka kwingine.

Watu wakikubishia majibu yako, pasua seli, toa protini, pima kwa kitendanishi cha Ellman (kinatoa rangi ya njano kikikutana na thioli) kwenye 412 nm. Namba zikikaribiana endelea, zikipishana sana rudi kwenye pH kwanza.