Maswali yenu kuhusu Corazon Aquino

Corazon Aquino, "Cory" kwa Wafilipino, aliongoza Ufilipino tangu 1986 hadi 1992 na kuitoa kwenye udikteta wa Ferdinand Marcos. Haya ni baadhi ya maswali mliyouliza juu yake.

Ni kweli alikuwa mama wa nyumbani tu?

Mwenyewe alijiita hivyo, na Marcos akaligeuza neno hilo kuwa la kumdharau. Lakini Cory alizaliwa 1933 katika ukoo wa Cojuangco, matajiri wa miwa wa mkoa wa Tarlac, akasoma New York, kisha akaanza kusomea sheria Manila kabla ya kuolewa na Benigno Aquino, "Ninoy", aliyekuja kuwa seneta wa upinzani, mwaka 1954. Marcos alipotangaza sheria ya kijeshi mwaka 1972, Ninoy alikuwa kati ya wa kwanza kukamatwa, akakaa ndani zaidi ya miaka saba. Miaka hiyo yote mkewe ndiye aliyeingia na kutoka gerezani, akifikisha ujumbe wake kwa wanasiasa na waandishi wa habari. Kwangu hiyo ni siasa kamili, tena ya shule ngumu.

Ninoy aliuawa kwa risasi kwenye uwanja wa ndege wa Manila tarehe 21 Agosti 1983, akirejea kutoka Marekani. Upinzani uliokuwa vipandevipande ukamwangukia mjane wake. Alikubali kugombea urais dhidi ya Marcos baada ya kukusanywa saini milioni moja za kumwomba.

Aliingiaje Ikulu wakati aliyetangazwa mshindi ni Marcos?

Kwanza, kuna watu ambao ningependa wakumbukwe zaidi: mafundi wa kompyuta wa Tume ya Uchaguzi. Kura zilipigwa 7 Februari 1986. Siku mbili baadaye mafundi hao waliinuka kwenye mashine zao na kutoka nje mbele ya kamera, kwa sababu hesabu walizokuwa wakiingiza hazikulingana na zilizokuwa zikionyeshwa kwenye ubao wa matokeo. Bunge likamtangaza Marcos hata hivyo, na Cory akawaomba wananchi wasusie benki na bidhaa za maswahiba wa Marcos.

Tarehe 22 Februari waziri wa ulinzi Juan Ponce Enrile na Jenerali Fidel Ramos waliasi na kujifungia kambini. Kadinali Jaime Sin akawasihi watu kupitia Radio Veritas wakawakinge. EDSA, barabara kuu ya Manila inayopita hapo, ikafurika. Watawa walipiga magoti mbele ya vifaru wakisali rozari, raia wakawapa askari maua na chakula, na vifaru vikakwama pale pale. Tarehe 25 Cory aliapishwa katika klabu ya Club Filipino, Biblia ikiwa imeshikwa na mama mkwe wake. Usiku huo Wamarekani wakamwondoa Marcos, akaishia Hawaii.

Alivunja bunge na kutawala kwa amri zake. Je, huo si udikteta mwingine?

Kwa zaidi ya mwaka mmoja sheria zilitoka mkononi mwake, ni kweli. Ninachomheshimia ni haraka aliyokuwa nayo ya kuyaachia mamlaka hayo. Tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Cecilia Muñoz-Palma iliandika katiba mpya, na kura ya maoni ya 2 Februari 1987 ikaipitisha kwa zaidi ya robo tatu ya kura. Rais akapewa muhula mmoja tu wa miaka sita. Sheria ya kijeshi ikawekewa kikomo cha siku 60, bunge likiwa na uwezo wa kuifuta na Mahakama ya Juu kuihoji. Ukivisoma vifungu hivyo, unamwona Marcos nyuma ya kila kimoja. Bunge jipya lilianza kazi Julai 1987.

Jeshi lilimtii?

Sehemu yake tu. Alinusurika majaribio ya mapinduzi yasiyopungua sita. Katika lile la Agosti 1987 mwanawe wa kiume wa pekee alijeruhiwa kwa risasi. La Desemba 1989 lilikuwa baya zaidi, hadi ndege za kivita za Marekani zikaruka juu ya Manila kuwatisha waasi.

Kwa nini hakugombea tena 1992?

Wapo waliomwambia kikomo kipya cha muhula mmoja hakimhusu, kwa kuwa alichaguliwa chini ya katiba ya zamani. Akakataa. Alimkabidhi Ramos madaraka, akaondoka kwa gari alilolinunua mwenyewe.

Wakulima walipata ardhi aliyowaahidi?

Hapa siwezi kumtetea. Januari 1987 wakulima walioandamana kudai ardhi walipigwa risasi karibu na Ikulu, daraja la Mendiola, na zaidi ya kumi wakafa. Sheria ya mageuzi ya ardhi ilikuja 1988, lakini iliwaruhusu wenye mashamba makubwa kugawa hisa za kampuni badala ya ardhi yenyewe. Shamba la ukoo wake, Hacienda Luisita, lilitumia mwanya huo. Cory alifariki 2009. Mahakama ya Juu iliamuru wakulima wa Luisita wapewe ardhi miaka miwili baadaye, mwanawe yule aliyejeruhiwa, Benigno Aquino III, akiwa rais.