Marisau Yataangukia Bwawa Langu?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nina shamba la minazi na mihogo huku Kimbiji, Kigamboni, pamoja na bwawa la bata lililo bondeni. Jirani yangu anataka kukodisha eneo lake kwa klabu ya wanachama wanaolenga visahani vya udongo kwa bunduki, na mahali watakaposimama ni kama mita 150 kutoka ukingo wa bwawa langu. Nimeombwa nitie saini kwamba sina pingamizi. Je, kuna hatari, na ni kweli kwamba hawaui ndege?
Mama Mkulima, Kimbiji

JIBU: Mama Mkulima, nakuomba usitie saini kabla hujaoneshwa mchoro wa uwanja, ukabainisha wapigaji wataelekea upande upi.

Ndege hawapigwi. Zamani walipigwa njiwa hai, hata katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1900, lakini leo mtambo hurusha kisahani chenye upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105. Udongo umebaki katika jina tu, kwani hutengenezwa kwa lami na unga wa chokaa. Niliwahi kuokota kipande chake: juu kilipakwa rangi ya chungwa, chini kilikuwa cheusi tii, kilinukia barabara mpya, na nilipokibana kilikatika kama kashata iliyokauka. Klabu iwajibike kuviokota, maana lami hiyo haifai kuliwa na mifugo.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni marisau. Risasi moja ya mchezo huu hubeba gramu 24 za chembe, takribani 300, kila moja kubwa kidogo kuliko punje ya ulezi, na chembe hizo zaweza kufika zaidi ya mita 200. Ndiyo sababu viwanja vingi huacha eneo tupu la kama mita 275 mbele ya wapigaji. Wakilenga upande wako, mita 150 hazitoshi hata kidogo. Kwa umbali huo nguvu nyingi imekwisha, ingawa jicho bado laweza kuumia, lakini balaa lenyewe litawapata bata. Katika lugha yetu risasi ni jina la silaha na la madini pia, na madini hayo ni sumu. Bata humeza changarawe zimsaidie kusaga chakula kwenye firigisi, naye hawezi kuitofautisha changarawe na chembe ya risasi. Ikisagika humo sumu huingia kwenye damu, mbawa hulegea, naye hukonda hadi kufa, ilhali maji ya bwawa yanaonekana safi.

Kudai uwanja ugeuzwe si uchokozi. Mtindo uitwao skeet, ulioanzia Andover, Massachusetts, nchini Marekani, mwanzoni ulichezwa kwenye duara kamili. Jirani alipofungua shamba la kuku, waanzilishi walilikata duara hilo nusu ili risasi zote ziende upande mmoja, na hadi leo vituo vyake hupangwa hivyo. Nawe dai wapigaji wakupe mgongo, umbali upimwe kwa futi kamba, si kwa hatua, na marisau yawe ya chuma badala ya madini ya risasi. Siku na saa za kupiga ziandikwe pia katika makubaliano, hasa kama una kuku wanaoatamia.

Omba vilevile nakala ya vibali vya polisi, kwa kuwa silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Wakikataa kuugeuza uwanja, peleka pingamizi la maandishi ofisi ya serikali ya mtaa, ukiambatanisha mchoro wa bwawa na vipimo vyake.